Kata Huo Mkaratusi, Mbona Unalia?

Naandika hii nikijua nitapigwa mawe. Sawa tu.

Kila baada ya miezi kadhaa lazima izunguke video ya lori limebeba magogo likitoka Karura. Mtu amerekodi akiwa ndani ya gari, sauti inatetemeka, maandishi mekundu juu: WANAMALIZA MSITU WETU. Saa moja haijaisha, watu elfu kadhaa wameisambaza, kila mtu ana uchungu, Wangari Maathai ametajwa mara mia. Na hakuna hata mmoja ameuliza swali la kwanza kabisa: ni mti gani huo uko kwa lori?

Juu kama ni mkaratusi, ile tunaita bulugamu, mimi nasema kata. Kata, lipisha, na hiyo pesa irudi hapo hapo shimo lilipo. Kitu kinanitisha zaidi ya hilo lori ni basi limejaa watu wa fulana nyeupe na miche elfu mbili, wanakuja kupanda Ijumaa asubuhi na saa sita washaenda kula nyama choma.

Ngoja kwanza, usifunge.

Watu wengi wa umri wetu wanadhani Karura na msitu wa Ngong Road ni mabaki ya Edeni, ati mkoloni alikuta hivyo na sisi tumehifadhi hivyo. Si kweli. Reli ilifika Nairobi 1899, na treni za wakati huo zilikuwa zinakula kuni. Miti ya kiasili ya hapa inakua polepole, na Wazungu walikuwa na haraka. Nairobi Arboretum, hapo unaenda pikiniki na mtu wako, ilianzishwa 1907 kujaribu ni miti gani ya kigeni itakua haraka. Ilikuwa maabara. Mkaratusi ukapita mtihani, ukapandwa kwa mistari. Karura na Ngong Road zilitangazwa misitu ya serikali 1932, na ndani yake kulikuwa na sehemu za kiasili na sehemu ambazo kusema ukweli zilikuwa ghala la kuni.

Kwa hivyo unapokimbia asubuhi na unasikia hewa safi, angalia kushoto na kulia. Ukiona miti mirefu imejipanga kama gwaride na chini hakuna kitu cha maana, hapo uko kwa shamba. Zuri, lina kivuli, lakini ni shamba. Msitu wenyewe ni ile sehemu imechanganyikana, ambapo kuna mukinduri, kuna mutamaiyu, kuna muthiga, jina lile lile la stage ya Waiyaki Way, na ganda lake nyanya zetu walitafuna kwa kikohozi. Na kuna muhugu, kama una bahati. Muhugu ndio mti uliotengeneza vinyago vingi sana vilivyouzwa kwa watalii. Mbao yake ni ngumu na inadumu. Ulikatwa, ukakatwa, ukakatwa, na haurudi mbio. Ukipanda leo, mjukuu wako ndiye atauegemea.

Sasa hapa ndio tunakosana na watu wa "usiguse msitu". Mkiliacha hilo shamba la mikaratusi bila kuligusa, mnadhani muhugu utakuja wenyewe? Mikaratusi itazeeka na itaendelea kunywa maji. Ukikata ukaacha kisiki bila kukishughulikia, kitachipuka vijiti kumi na utakuwa na mikaratusi kumi pale palikuwa na mmoja. Na pale mwanga unaingia, anayefika wa kwanza ni lantana, ile ya maua ya rangi rangi yenye miiba, na ikishika sakafu ya msitu, mche wa kiasili hauoni jua tena. Kuacha ni uamuzi, na matokeo yake ni lantana.

Kazi yenyewe inaenda hivi, na nilielezwa na mzee mmoja anayefanya kazi ya kibarua upande wa msitu wa Ngong Road, mtu ameshika panga kabla mimi sijazaliwa. Unakata sehemu ndogo, si mlima mzima. Visiki unaviua. Unapanda kwanza miti inayokua haraka kidogo, kama mukinduri, ili itoe kivuli. Chini ya hicho kivuli ndio unaweka wale wapole, kina muhugu. Halafu unarudi. Unarudi na unang'oa magugu, unakata mimea inayojinyonga juu ya miche, unarudi mvua ya vuli, unarudi mvua ya masika, mwaka wa pili tena, mwaka wa tatu tena. Na baadaye, hiyo miti ikishashikana, unaanza kukata mingine ambayo wewe mwenyewe ulipanda.

Hapo ndipo nilimsimamisha. "Mzee, si mliipanda nyinyi? Mbona mnaikata?"

Akacheka. Akanionyesha minne imesimama kama imekumbatiana, ukiangalia juu, mmoja tu ndio unafika kwa jua. "Kijana, hii yote ikibaki, hakuna hata mmoja utanenepa."

Hiyo inaitwa kupunguza miti, na ni hesabu tu. Chukua misipresi, ile miti ya mbao inayopandwa na KFS. Ikipandwa mita mbili na nusu kwa mbili na nusu, unapata miche 1,600 kwa hekta moja. Ikiwa midogo inatoshea vizuri. Lakini haiwezi kufika miaka 30 ikiwa bado 1,600. Mahali hakuna, maji hakuna, mwanga hakuna. Panda matatu ya Kawangware pale mjini saa kumi na mbili jioni mvua ikinyesha, utaelewa. Kwa hivyo kila baada ya miaka kadhaa mtu anaingia, anachagua ile imepinda, ile dhaifu, ile imezidiwa, anaitoa inakuwa nguzo na fito, na iliyobaki inapata nafasi ya kuwa mti. Usipofanya hivyo unapata hekta nzima ya vijiti virefu vinavyoyumba, vinavyongoja tu upepo au moto.

Na nchi hii ilifanya kosa la aina hiyo kwa miaka zaidi ya mitano. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku uvunaji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Mwanzo ilikuwa siku 90, zikaongezwa, zikaongezwa tena. Aliyetangaza alikuwa William Ruto, wakati huo naibu rais. Julai 2023, akiwa Molo, marufuku ikaondolewa. Aliyeiondoa? William Ruto, wakati huu rais, akisema miti imekomaa inaozea msituni huku watu hawana kazi na tunanunua mbao nje. Mwezi uliofuata mahakama ikasimamisha hatua hiyo kwa muda baada ya Chama cha Mawakili kwenda kortini. Mtu mmoja, sahihi mbili, na katikati yake panga lote limewekwa chini, la mwizi na la yule mzee pia.

Lakini enyewe, marufuku haikutoka hewani. Jopo lililoundwa na serikali mwaka huo wa 2018 lilikuta ufisadi umekita mizizi ndani ya KFS. Vibali vya kuvuna vilikuwa vinakuwa mlango wa kutoa mti wa kiasili. Kwa hivyo sisemi mwamini kila lori. Binamu yangu, ambaye tunabishana na yeye hii kitu kila tukikutana, ananiambia, "Wewe ukisema kata, umewapa leseni. Hao watu hawajui kusimama." Ana pointi. Sina jibu la kumfurahisha kabisa. Ninachomwambia ni kwamba ukimwachia mwizi neno "kukata" liwe lake peke yake, utakuwa umemfungia nje mtu wa pekee anayejua kuutibu msitu. Na mwizi hajawahi kuhitaji ruhusa yangu.

Tofauti inaonekana, ukitaka kuiona. Oktoba 2024 ilitoka habari kwamba zaidi ya ekari 50 za Karura zinatakiwa kupanua Kiambu Road. Hiyo ni kukata ambako hakuna kurudi. Lami haichipuki. Hapo mniite, nitakuja na bango. Lakini hekta ya mikaratusi inayotolewa ili mukinduri uingie, hiyo ni kitu kingine kabisa, na sisi tunapiga kelele ile ile kwa zote mbili. Kelele ikiwa moja kwa kila kitu, anayetaka kuweka barabara anajua atangoje tu mchoke.

Tunapenda mti mmoja mwenye stori. 2020 ule mugumo wa Waiyaki Way pale Westlands uliokolewa kwa amri ya rais, na mimi nilifurahi kama kila mtu, mti umeishi miaka zaidi ya mia. Lakini kuanzia Mlolongo mpaka Westlands ni kilomita 27 za Expressway, na miti mingine mingi ya barabarani ikaenda bila jina. Mugumo ulipata picha, hiyo mingine ikapata msumeno. Sitaki kukaa sana hapo.

Nataka kukaa kwa hii mambo ya kupanda.

Desemba 2022, pale Ngong Hills, ilizinduliwa kampeni ya miti bilioni 15 ifikapo 2032. Lengo ni miti ifunike asilimia 30 ya nchi, kutoka asilimia 12.13 iliyopimwa 2021. Lengo zuri, sina shida nalo. Sasa toa kalkuleta. Bilioni 15 kwa miaka kumi ni zaidi ya miti milioni nne kila siku, Krismasi ikiwemo. Ni zaidi ya miti 300 kwa kila Mkenya aliyehesabiwa 2019, pamoja na mtoto aliyezaliwa usiku huo. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa likizo kabisa, lengo miche milioni 100 siku moja. Mei 2024, baada ya mafuriko, likizo nyingine ya kuomboleza na kupanda.

Swali langu ni dogo sana. Likizo ya kupalilia ni lini?

Hakuna. Juu kupalilia hakuna picha. Mche ukipandwa kuna mkono wa mheshimiwa, kuna maji ya chupa, kuna tabasamu. Mche ukipaliliwa kuna mgongo wa mtu umepinda na lantana imemkwaruza. Hakuna bosi anataka hiyo kwa ukurasa wake.

Na naongea kama mtu wa ndani, juu hiyo ndiyo kazi yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili na tangu hapo kodi yangu inalipwa na kontenti. Kampuni moja, jina naliacha, ilinipa kazi nipige video ya siku yao ya miti, mahali si mbali na Ngong Road. Nilipiga, ikatoka safi, drone na kila kitu. Lakini nina macho. Miche mingine ilikuwa inaingia ardhini na karatasi yake ya nailoni bado imefungwa kwa mizizi, ni kama kumzika mtu na viatu ukitarajia atembee. Mashimo yalikuwa yamebanana hatua moja moja ili watu wote watoshee kwa picha moja. Na miche ilikuwa ya aina moja, juu ndiyo iliyokuwa bei rahisi.

Februari, jua likiwa kali, nilirudi peke yangu. Nilihesabu safu mbili. Miche 40, iliyokuwa na jani la kijani ni sita. Nikapiga hiyo pia, nikawatumia, nikawaambia hii ndiyo stori, tutengeneze sehemu ya pili, nyinyi mrudi, mpalilie, mpande tena ile imekufa, watu watawapenda zaidi. Nikajibiwa kwa adabu sana kwamba hiyo video haiendani na ujumbe wa chapa yao. Kazi iliyofuata akapewa mtu mwingine. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamenunua kupanda, na kupanda walikuwa wamepata. Hakuna mtu aliwauzia kuishi.

Na huyu Wangari Maathai ambaye tunamtaja kila lori likipita, tumsome basi. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake waliandamana kutoka KICC mpaka Kamukunji wakapanda miti saba kwa heshima ya watu mashuhuri. Mitano ikafa. Miwili ndiyo iliendelea. Hapo ndipo Green Belt Movement ilianzia, kwa sherehe iliyofeli nusu na zaidi. Tofauti ni alichofanya baadaye. Alienda kwa wanawake vijijini, akaweka malipo kidogo kwa kila mche, na malipo yalikuwa ya mche uliopona. Senti chache tu. Lakini hizo senti zilimfanya mama arudi na maji, na aangalie mbuzi ya jirani. Miaka karibu hamsini imepita na bado tunahesabu miche iliyopandwa, ile namba ambayo yeye alijua 1977 kwamba haina maana.

Sasa fikiria vijana wangapi wamekaa bila kazi Kibera, Kawangware, Kangemi, Dagoretti, kutembea tu mpaka ukingo wa msitu wa Ngong Road. Huo msitu uliwahi kuwa zaidi ya mara mbili ya ulivyo leo, ukamegwa, ukamegwa, Southern Bypass ikapita. Hekta kama 1,200 zimebaki. Kuna mikaratusi ya kutolewa, lantana ya kung'olewa, miche ya kuhesabiwa kila mvua. Hiyo si kazi ya siku moja ya fulana. Ni ajira ya miaka. Mpe kijana sehemu yake, mlipe kwa mche uliofika mwaka wa tatu, uone kama kuna ng'ombe ataingia hapo. Pesa zipo. Mbao za mikaratusi zinauzwa, nguzo zinauzwa, kuni zinauzwa. Shida ni zinaenda wapi zikishauzwa.

Na hapo ndipo mlinishangaza, kwa uzuri. Agosti 2025 KFS iliposema ada za kuingia Karura zilipwe kupitia eCitizen, nje ya utaratibu wa zamani na Friends of Karura, watu walisimama langoni. Kwa stori ya akaunti! Stori kavu kabisa, haina machozi, haina lori. Lakini watu walielewa kwamba ile ada ya langoni ndiyo mshahara wa anayelinda njia na anayeng'oa magugu, na ikipotelea kwenye mfuko mkubwa, msitu utasahaulika kimya kimya bila hata kukatwa. Hiyo ndiyo hasira nataka. Ile inajua risiti.

Sisi ndio kizazi kilisoma Mswada wa Fedha wa 2024 kifungu kwa kifungu mpaka wazee wakashangaa. Tukautafsiri kwa Kiluo, kwa Kikuyu, kwa lugha ya ishara. Sasa sheria ya misitu ya 2016 inataka kila msitu wa umma uwe na mpango wa usimamizi. Kuna jamii zilizosajiliwa zenye haki ya kushiriki. Ukiona lori, omba huo mpango. Hiki kipande ni cha nini, mti gani, nani amenunua, kwa bei gani, kisiki kitafanywa nini, nini kinapandwa, na nani anarudi hapa Aprili na Novemba, mwaka huu na mwaka kesho. Ofisa akiwa na majibu, mwache akate. Akianza kukuita mwanaharakati, sasa hapo rekodi, washa taa zote.

Na wewe wa kampuni unayesoma hii, najua mko, huwa mnaangalia kabla ya kunipigia simu. Bajeti yenu ya miche elfu mbili, fanyeni mia mbili. Hiyo iliyobaki ilipe watu wanne kwa miaka mitatu warudi. Nitawapigia video ya mwaka wa tatu bila malipo, na hiyo ni ahadi nimeandika hadharani. Mti ukiwa umenizidi urefu, tutapiga picha nayo.

Wale mnauliza tutaanzia wapi: Jumamosi ya kwanza ya mwezi kuna kikundi cha vijana tunaingia upande wa Ngong Road kung'oa lantana, na ofisi ya msitu inajua tuko hapo. Matatu 111 kutoka mjini, tunakutana saa mbili. Vaa suruali ndefu na gloves nzito kama unazo, lantana haina huruma. Usibebe mche. Beba chakula.